Siku Niliyoigeuza Shule ya Matajiri Kuwa ya Bure

Jamani, hili nalisimulia huku nimefunika uso, na mnivumilie msinicheke kabla sijamaliza. Kuna ukumbi mmoja wa parokia hapa Ixelles, Brussels, ambao mpaka leo basi likipita mbele yake nageuza kichwa upande wa pili, na yote ni kwa ajili ya shule ambayo hata mlango wake sijawahi kuuona.

Miaka ile nilikuwa bado mgeni kidogo Brussels, nafanya kazi ya kutunza wazee, Jumapili nasali na Wakongo na Warundi. Wazazi wa pale walikuwa na homa ya Kiingereza, basi kamati yao ikamwalika makamu mkuu wa sekondari moja kongwe ya Uingereza aje awaeleze shule yake. Watu wameshakaa, mgeni ameshafika, mkalimani anapiga simu kwamba anaumwa! Mwenyekiti wa kamati, Papa Deo wa Bukavu, akaja kwangu ameshika kichwa.

"Dada Rehema, ninyi batu ya Tanzania munajua anglais, si vile?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Kiingereza kidato cha nne nilipata D (na hiyo D nyumbani tuliichinjia kuku). Lakini watu wananitazama, nimevaa kitenge kipya, nikasikia mdomo wangu unasema, "Bila shaka, papa."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mgeni alisema shule yao ni ya zamani kuliko nchi ya Ubelgiji yenyewe, kwamba ilianzishwa na mfanyabiashara wa sufu aliyewahurumia watoto maskini wa mji wake, wakaanza wavulana kumi na wawili katika chumba kimoja juu ya kanisa. Hayo niliyapata, nikayatafsiri kwa madaha. Kisha akasema yao ni "pablik skuli". Sasa nani asiyejua maana ya pabliki? Nikaugeukia ukumbi: "Ni shule ya umma. Ya serikali."

Maman Béatrice, mjane mwenye binti aitwaye Grâce, anayesuka nywele Matonge, mtaa wa Waafrika, akasimama. "Donc, ni bure?"

"Bure kabisa," nikajibu, bila hata kumuuliza mwenye shule.

(Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba Waingereza, kwa sababu wanazozijua wenyewe, huziita hivyo shule za kulipia, tena zile za ghali kuliko zote. Mtu unafunga geti kwa kufuli halafu unaliita la umma! Mimi ningejuaje?)

Mgeni akaingia kwenye habari za "hausi" (kumbe ni makundi ya wanafunzi bwenini), nikasema kila mtoto anapewa nyumba. "Ya vyumba ngapi?" akauliza baba mmoja. Nikakisia viwili. Mgeni akaeleza majoho meusi, wimbo wa Kilatini wa kila asubuhi, nyasi ambazo walimu peke yao ndio wanaruhusiwa kuzikanyaga, jinsi zamani wavulana walivyoogeshwa maji ya barafu na jinsi sasa hata wasichana wanapokelewa, na kila nikitamka neno watu wanapiga makofi, na yeye anazidi kung'aa, nadhani hajawahi kupendwa vile maishani mwake.

Ndipo akataja ada. Ile tarakimu niliisikia vizuri, D yangu na yote, nayo ilipita mshahara wangu wa mwaka mzima. Hata hapo bado ningeweza kusema jamani nimekosea. Nikasema nini? "Kutakuwa na mchango mdogo wa madaftari."

Maman Béatrice akatoa simu palepale, akampigia dada yake Bukavu. "Grâce anaenda Angleterre! Bure! Mungu iko!"

Nyuma kabisa akasimama padri mzee wa Kibelgiji, mstaafu, aliyeishi Katanga miaka mingi, na ambaye hakuna aliyenidokeza kwamba Kiingereza nacho anakijua. "Mama," akaniambia kwa ule upole unaouma, "madaftari haina bei ya namna ile." Akawaeleza wote ukweli.

Maman Béatrice akakata simu bila kuaga, akaja mbele, akasimama karibu yangu.

"Umuulize. Anasema ile shule balianzisha juu ya batoto maskini. Ile nafasi yabo, nani alikamata?"

Nikamtazama padri anisaidie. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hiyo utamwambia weye."

Nikaitafsiri, kwa Kiingereza kilichovunjika, jasho linanitiririka mgongoni, bila kuacha neno hata moja. Mgeni akawa mwekundu mpaka masikioni. Akapangapanga karatasi zake, mwisho akasema ipo nafasi moja ya ufadhili, kwa mtihani.

"Moja?" akauliza Maman Béatrice.

"Moja," nikasema. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Kesho yake nilimfuata saluni kumwomba radhi, nimekariri hotuba nzima njiani. Hakuacha kusuka, wala hakuinua uso.

"Sikasirike juu ya shule, dada. Kukosea, kila muntu anakosea. Lakini ile saa ya madaftari ulikuwa unajua, na uliniacha nipige telefone."

Hotuba yote ikapotea. Nilisimama pale kama nguzo mpaka mteja mwingine akaomba nimpishe.

Siku hizi mtu akiniuliza kama najua Kiingereza, namjibu ninacho cha kuombea maji tu, na hata hayo maji ni afadhali niyaonyeshe kwa kidole.