Msafisha Picha Aliyeyasubiri Macho Yake

Miaka humpitia mtu kwa upole, hata asijue ni lini nywele zake zilibadilika rangi. Ndivyo ilivyompitia msafisha picha mmoja, aliyeingia chumba cha giza akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akazeekea humo mpaka akawa babu wa wajukuu wanne. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya studio, hakina dirisha. Kilikuwa na taa moja nyekundu, trei tatu za dawa na kamba ya kuanikia picha. Aliingia jua likiwa bado changa, akatoka limekwisha kutua. Majirani walimwita Popo, naye akaliitikia jina hilo bila kinyongo.

"Popo, leo umeliona jua?" humtania muuza magazeti.

"Salamu zake nimezipata," hujibu yeye. "Mwambie nipo."

Alipofikisha miaka sitini na miwili, alianza kugonga mabega kwenye miimo ya milango. Barabarani watu walimtokea ubavuni kana kwamba wameibuka ardhini. Hakutishika. Kila msafisha picha anajua kwamba atokaye gizani hukawia kuona, na yeye alikuwa na giza la miaka arobaini na mitatu. Alidhani ni kazi tu, haijamtoka machoni.

Kilichompeleka zahanati ni maumivu ya magoti. Daktari wa pale, mwanamke kijana na mpole, alimpima damu, akamwambia vitamini D imepungua mno mwilini mwake. Ngozi huitengeneza ikipata jua, na jua yeye alikuwa amelisusa. Akampa vidonge, akamwagiza aote jua kidogo kila siku.

"Na macho je?" akauliza mkewe, aliyeketi pembeni. "Siku hizi anagongana na kabati kama mgeni."

"Wapo wataalamu wanaochunguza kama upungufu huu unagusa na macho, mama. Bado hawajathibitisha. Kwa hiyo msitegemee vidonge. Pelekeni barua hii kwa daktari wa macho, mwezi huu huu."

Wakatoka wote wawili na maneno hayo, ila wakashika lile tu lililowapendeza: kwamba huenda jua likarudisha macho. Kesho yake mke akatoa kiti uani, na kila asubuhi mzee akawa anaketi pale, amekunja mikono ya shati. Baada ya miezi miwili magoti yakapoa, na kupoa huko ndiko kulikowaponza.

"Twende kwa huyo daktari, baba watoto. Barua inazeeka."

"Subiri kidogo. Picha ikiwa kwenye dawa huitoi kabla haijatokea. Ukiharakisha unaambulia kivuli. Magoti yametokea, macho yanafuata."

"Macho si karatasi."

"Miaka yote hii mimi nimekaa na dawa, wewe umekaa na sufuria. Nani anajua kusubiri?"

Mke akacheka, akakubali. Maisha yao yote alikuwa amemwona akingoja picha ambazo wengine walikwisha kuzikatia tamaa, nazo zikatoka. Barua ikalala kwenye droo miezi minane.

Siku moja mjukuu alisimama kando yake akimpa kikombe cha maji. Mzee hakumwona. Akageuka, kikombe kikaanguka, mtoto akabaki amemtazama usoni. Hapo ndipo walipokwenda.

Daktari wa macho, mtu wa maneno machache, alipima, akachungulia kwa taa, akarudia tena.

"Mzee, hii ni presha ya macho. Imekuwa ikila mshipa wa fahamu taratibu, kuanzia pembeni. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na tundu dogo la kuonea katikati."

"Nikiendelea na jua na vidonge, yatarudi lini?"

"Vidonge endelea navyo kwa ajili ya mifupa. Kilichopotea hakirudi. Matone haya ni ya kulinda kilichobaki. Mngekuja barua ilipoandikwa, tungelinda kingi zaidi."

Mke alianza kulia kimyakimya. "Mimi ndiye niliyekuwa nakitoa kile kiti," akasema.

"Kiti hakina kosa, wala wewe huna." Mkono wake uliutafuta mkono wa mkewe, ukaukosa mara ya kwanza. "Mimi ndiye niliyesema tusubiri."

Daktari akaongeza kwamba ugonjwa huo hutembea katika damu ya ukoo. Ndugu na watoto nao wapimwe. Siku ile ile mzee akampigia simu mdogo wake, seremala.

"Kesho nenda kapime macho."

"Kaka, macho yangu yanaona mpaka dhambi za jirani."

"Na mimi nilijiona hivyo hivyo. Sikuombi, nakuamuru."

Mdogo akaenda, akakutwa na presha ile ile, ingali changa, akaanzishiwa dawa. Habari ilipomfikia, mzee alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akauelekeza uso ukutani, akalia.

Ewe Mola mwingi wa rehema, mbakishie mja wako huyu hicho kidogo anachokiona mpaka siku yake ya mwisho. Mwondolee mkewe uchungu wa kujilaumu. Mhifadhie nduguye macho yake, na watoto wao, na watoto wa watoto wao, na uwajaalie wote nuru isiyofifia mbele yako. Amina.