Mkono wa Nguo Kabla ya Upanga

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alitusaliti, na mpaka leo nikilikumbuka jambo lile damu hunichemka.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuja kwetu Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, na filamu ya mwongozaji mmoja wa Kijapani, bingwa wa filamu za samurai. Mwongozaji huyo alianza kazi akichora mapazia ya jukwaa, akapewa filamu za panga za kutengenezwa harakaharaka, kisha studio ikamfukuza, eti watu wake wanasimama mno bila kupigana. Akarudi uzeeni na filamu za rangi, na watu wake wakazidi kusimama.

Sisi wawili tulisoma tafsiri ya Kiarabu chini ya picha. Mama hakuisoma. Alishona kofia, na anayetoboa vishimo vya kofia kwa sindano hana macho ya kupoteza. Kimya kikizidi ndipo alipoinua kichwa.

"Ashakufa huyo," alisema siku moja, panga zikiwa bado alani.

"Nani, mama mkubwa?" ndugu yangu akauliza.

"Wa kushoto. Mtazame mkono wa nguo. Mwenziwe kashaupandisha, yeye wake unapepea. Wewe watazama upanga, upanga utakwambia nini?"

Pigo moja tu, wa kushoto akaanguka. Tukazirudia filamu nyingine, na kweli, yule Mjapani alisema kila kitu kwa nguo. Tangu hapo ndugu yangu akawa anakuja na daftari.

Mwaka jana akaalikwa kutoa mhadhara kwenye klabu ya filamu. Aliniahidi atamtaja mama, nami kwa kiherehere changu nikamwambia mama. Akavaa abaya yake mpya, tukaenda naye.

Ndugu yangu akamwaga Kiarabu fasaha: mkono wa nguo, pindo, yote ya mama. Mtu mmoja akamuuliza nani alimfundisha kutazama hivyo.

"Hakuna," akajibu. "Nimekaa peke yangu na filamu hizi miaka mingi."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nikapiga, sijui kwa mazoea au kwa haya, huku moyo unaniwaka. Mama alikaa na mikono mapajani.

Ijumaa iliyofuata ndugu yangu akaja, mkavu wa macho, na filamu yake na daftari lake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Mama akamwekea kahawa na haluwa kama kawaida. Kwenye filamu wawili wakasimama uwanjani, kimya kikazidi, ndugu yangu akashika kalamu. Mama akaendelea kushona. Hakuinua kichwa hata mara moja.

Ndugu yangu alipoondoka nikaanza kumwaga yangu: mnafiki, mwizi, hana haya! Mama akaniacha niseme mpaka nikachoka.

"Yule ni mtoto wa ndugu yangu," alisema. "Wewe nimekuzaa, na nilikuona ukipiga makofi."