Cheti cha Mdogo Wangu

Mama alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu ufuoni Usenge, na kazi yangu ilikuwa kuwazuia yangeyange. Ndege hao weupe hawaogopi mawe. Ukimkimbilia mmoja, kumi wanatua nyuma yako. Nilijifunza kusimama tu, kati yao na nyavu, nikisogea hatua moja kushoto, hatua moja kulia, mpaka wachoke waende zao. Miaka mingi baadaye kocha mmoja aliniuliza nani alinifundisha kukaba hivyo, bila kujitupa chini. Nilimwambia hakuna.

Baba alikufa kwanza, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha. Nilikuwa darasa la saba. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa wakatugawa. Kitinda mimba wetu alipelekwa kwa mjomba, Luanda Kotieno. Mdogo wangu wa kike alitakiwa na shangazi aliyehitaji mtu wa kumlelea mtoto. Nikasema huyu haendi kokote. Niliacha shule, nikamshika mkono, tukaja Kisumu. Tulipanga chumba Kondele, nikawa nauza omena kando ya barabara. Nilimwahidi kitu kimoja: wewe utasoma mpaka mwisho.

Jioni, mimi na wauzaji wenzangu tulicheza mpira nyuma ya soko, wengine na leso kiunoni. Nilicheza beki kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka nafasi hiyo. Siku moja mwalimu aliyesimamia timu ya wasichana alisimama mbele ya meza yangu, akapima omena kwa mkono kana kwamba anataka kununua.

"Beki wangu ameolewa," akasema. "Wewe ukija, mdogo wako nitamwingiza shule yetu. Hakuna mtu atamfukuza kwa ajili ya karo."

Nilikubali kabla hajamaliza. Kisha akaniambia kwamba mashindano yale ni ya wasiozidi miaka kumi na saba, na kila mchezaji alete cheti cha kuzaliwa.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, na cheti sikuwa nacho. Nilizaliwa nyumbani, mikononi mwa nyanya. Mdogo wangu alizaliwa hospitalini miaka minne baada yangu, na cheti chake kilikuwa kwenye kopo la majani chai, pamoja na picha ya harusi ya wazazi. Kwetu mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa. Sisi wawili tulikuja asubuhi, kwa hiyo jina letu la asubuhi ni moja, na la baba ni moja. Tofauti ni la ubatizo tu, na hilo hakuna aliyetuitia.

Mdogo wangu ndiye aliyefungua kopo.

"Chukua, dada," akasema. "Si sote ni wa asubuhi? Nani atajua ni yupi?"

Hakuna aliyejua. Uwanjani niliitwa jina langu halisi, na cheti pia kilikuwa nalo. Mawinga wa timu nyingine ndio walionishuku. Mmoja, msichana mwembamba mwenye mdomo, aliniuliza tukisubiri kona, "Mama, watoto umemwachia nani?"

"Baba yako," nikamjibu, na nikamkaba mpaka akatolewa.

Tulishinda mashindano yale, na timu ya ligi ikanichukua na karatasi zile zile. Mdogo wangu alikuwa shuleni, amevaa sweta ya kijani, na kila nilipouzuia mpira nilihisi nimezuia kitu fulani kisimfikie. Labda ndiyo miaka pekee niliyokuwa na furaha. Sikuijua kwa jina hilo wakati ule.

Kisha niliitwa kambi ya timu ya taifa. Walitaka pasipoti, na pasipoti inataka kitambulisho. Kwa mwili nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kwa karatasi nimetimiza kumi na minane mwezi ule. Nilikwenda ofisini na cheti kutoka kopo la majani chai. Walinipaka wino kidole baada ya kidole, vyote kumi. Mdogo wangu alikuwa bwenini, kidato cha nne. Likizo ilipofika nilimwambia. Aliuliza kama kambini wanapewa mayai.

Walinirudisha nyumbani siku mbili kabla ya safari. Kocha wa taifa alisema nitachaguliwa wakati mwingine.

Mdogo wangu alipita mtihani. Akapata nafasi ya kusomea uuguzi, na chuo kikataka kitambulisho. Alikwenda ofisi ile ile niliyokwenda mimi. Alirudi akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Wameniambia mimi tayari nina kitambulisho, kwa vidole vingine," akasema.

Nilipaswa kwenda ofisini kesho yake. Najua hivyo. Lakini nikisema ukweli ningefungiwa mpira, na chumba tulimokuwa tukilala sasa kilikuwa cha timu. Pia, na hili nalisema sasa kwa mara ya kwanza, sikutaka kuacha.

"Ngoja msimu uishe," nikamwambia. "Nitaenda niwaeleze mwenyewe."

Alingoja. Msimu uliisha tukiwa mkiani, tukahitaji mechi mbili zaidi ili tusishuke daraja. Kisha msimu mwingine ukaanza. Chuo kilimpa nafasi mtu mwingine. Alipoomba tena walimuuliza swali lile lile. Mwaka wa tatu hakuomba, wala hakunikumbusha. Alikuwa akifua jezi zangu na kuzianika, na ukimya wake ulinifaa, kwa hiyo sikuuliza maana yake.

Mwisho wangu ulikuja siku ya mvua, mechi ikiwa bila bao. Hakuna aliyenigusa. Niligeuka kumfuata winga, mguu ukabaki kwenye tope, na goti likatoa sauti kama mtu anavunja muwa. Hospitalini daktari aliangalia umri kwenye kadi.

"Miaka ishirini na mitano? Bado mdogo. Hii itapona."

Nilikuwa na ishirini na tisa. Halikupona.

Nilikwenda ofisi ya vitambulisho nikitembea kwa mkongojo, nikaeleza kila kitu. Afisa alikuwa mama mtu mzima, na alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anifokee, ingekuwa rahisi zaidi.

"Dada yangu," akasema, "vidole ni vyako, jina ni lake. Nikifuta hii leo, nyote wawili mnabaki bila kitu. Wewe huna cheti. Nani aliona ukizaliwa?"

"Nyanya."

"Yuko wapi?"

Nilimwonyesha kwa mkono upande wa Usenge, alikozikwa. Aliandika, akapiga muhuri, akasema faili itapelekwa Nairobi.

Timu ilipopata habari iliniambia nisije hata kuaga. Niliacha daluga zangu za mpira kwa mlinzi wa lango.

Imekuwa miaka miwili. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi naenda kuulizia faili, na nitaendelea kwenda. Mdogo wangu alirudi Usenge. Anaanika omena pale pale alipoanika mama. Hata laini ya simu anayotumia niliisajili mimi, kwa jina lake.

Wiki iliyopita nilimtembelea. Alikuwa ameinama akitandaza samaki, hakuinuka.

"Umeenda?"

"Nimeenda."

"Wamesemaje?"

"Nirudi mwezi ujao."

Aliitikia kwa kichwa, akanionyesha wavu wa mwisho, ule ulio karibu na maji. Nilikwenda nikasimama mbele yake, mikono wazi. Yangeyange walikuja kama zamani. Nilisogea kushoto, wakaruka. Kulia goti lilikataa, na upande huo wakatua wote, wakala.

Mdogo wangu aliona. Akachukua kikapu chake, akaja akasimama upande ule.