Usiku wa Ndugu Aliyelala

Tik, tik, tik: nyundo ndogo juu ya patasi, patasi juu ya ngozi. Sisi majirani wa Thankam tuliamka kwa sauti hiyo kama wengine wanavyoamka kwa jogoo. Alikaa barazani, miguu kaikunja, ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa hadi kupitisha mwanga imelala juu ya ubao, naye akiitoboa matundu madogo kama punje za ufuta. Hapa shanga za malkia, hapa mkia wa nyani. Mumewe alipofariki alirudi kwa baba yake, Nanu Pulavar, mwimbaji mkuu wa mchezo wa vivuli wa hekalu letu, ule wa vikaragosi vya ngozi vinavyotupa vivuli kwenye pazia, na tangu hapo mikono yake ndiyo iliyowavisha wafalme.

Kutoboa ngozi aliruhusiwa. Kuingia nyuma ya pazia, wanapokaa waimbaji, hapana. Katika ukoo wao pale ni mahali pa wanaume. Lakini masikio hayana mlango. Miaka thelathini mzee alifanya mazoezi palepale barazani, beti kwa beti, na kila alipokwama, neno lililopotea lilitoka jikoni pamoja na harufu ya haradali inayopasuka kwenye mafuta ya nazi.

"Nani kakuuliza?" mzee alifoka.

"Hakuna, Baba. Nilikuwa naongea na chungu."

"Basi chungu chako kina akili kumshinda Sekharan."

"Mjomba, nipo hapa nasikia!" Sekharan alilalamika. Huyo alikuwa mpwa wa mzee, na kazi yake ilikuwa kushika vikaragosi vya majitu, upande wa kushoto wa pazia.

Kwetu vivuli huchezwa usiku ishirini na mmoja, kwa ajili ya Mama, mungu wa kike wa hekalu. Vita vikuu vya zamani, vya kumwangusha mfalme wa vichwa kumi, vilipopiganwa, Mama mwenyewe alikuwa mbali akipigana vita vyake, hakuviona. Kwa hiyo kila mwaka tunamwonyesha, mwanzo hadi mwisho, na nyumba ya vivuli inatazama mlango wake. Watu wakija, heri. Wasipokuja, Mama yupo. Ila usiku hata mmoja haurukwi, maana ni kama kumnyang'anya sahani kabla hajashiba.

Mwaka mmoja mzee alisahau, akaimba sehemu ya usiku mmoja mara mbili. Menon, mwenyekiti wa kamati, alimfuata nyumbani. "Pulavar, nakuheshimu. Lakini ukikosea tena, kiti ni cha Sekharan." Mzee hakula siku mbili. Thankam alimlisha uji kwa kijiko, akimdanganya kwamba Menon alikuwa na homa siku ile.

Basi mwaka uliofuata, usiku wa kumi na nne, taa ishirini na moja za vifuu zikiwaka nyuma ya pazia, sisi watazamaji tulikuwa wachache: Menon akisinzia kwenye kiti cha plastiki, mimi, mbwa watatu, na Thankam na birika lake la kahawa. Ulikuwa usiku wa kumwamsha ndugu wa mfalme wa vichwa kumi, yule jitu alalaye nusu mwaka. Mzee akaanza vizuri. Kisha sauti yake ikapanda, mshale ukainuliwa, na nikamwona Thankam akikaza kidole kwenye mpini wa birika.

Mzee alikuwa anamuua mfalme, jambo la usiku wa ishirini. Wakati ndugu yake hajaamka bado.

Nyuma ya pazia ngoma ikasitasita. Kivuli cha Sekharan kilisimama kama nguzo. Nilimwelewa: akimsahihisha mjomba wake mbele ya Mama, atakuwa amemvua nguo, na watu watasema amenyakua kiti. Akinyamaza, mfalme atakufa kabla ya siku yake.

Waimbaji wetu wana desturi. Mmoja akiulizwa swali kwa wimbo, hata awe katikati ya vita, huacha kila kitu akajibu kwanza. Lakini waulizaji hukaa nyuma ya pazia.

Thankam hakusimama. Alifumba macho, akaimba kutoka pale alipokaa:

"Nduguye bado kalala, nani atamuamsha?"

Mshale ukabaki hewani. Kisha mzee akacheka kwa ile sauti nene ya majitu, cheko refu la mtu aliyevutwa kutoka ukingoni mwa kisima. "Swali zuri! Leteni ngoma, leteni ndovu, kalala huyo kama mlima!" Na ngoma zikarudi, na mfalme akashushwa akiwa hai, vichwa vyote kumi.

Kulipokucha Menon alikuja akisugua macho. "Lile swali lilitoka huku nje. Nani aliuliza?"

Thankam aliangalia kahawa.

Sekharan akawahi, jasho bado likimtiririka. "Lilitoka upande wa Mama, Mzee Menon. Huko anakaa nani mwingine?"

Menon aliutazama mlango wa hekalu, akamtazama Thankam, akautazama mlango tena. Akaunganisha viganja vyake kifuani, akaenda zake nyumbani.

Mzee Nanu akatoka wa mwisho, kapinda mgongo, akaketi kwenye ngazi karibu na bintiye. Alipokea bilauri ya kahawa kwa mikono miwili.

"Niliruka mbali?" aliuliza.

Thankam alimfuta masizi ya taa usoni kwa pindo la nguo yake, taratibu, jicho moja kisha la pili. Akasema kwa sauti ndogo mno, "Usiku mmoja tu, Baba. Kunywa."