Kaburi la Mguu

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, mashamba ya mkonge yalipolala na wanaume wengi wa Kilosa wakaenda kutafuta riziki barabarani. Kaka yangu alihamia Mikumi, akawa anachoma nyama na kuwauzia abiria wa mabasi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye watoto wakubwa, na kutwa nzima alisimama mbele ya jiko. Kwa hiyo mguu ulipoanza kumuuma chini ya goti hatukushtuka. Nani asimame hivyo asiumwe?

Mimi nimesoma hadi la saba tu. Mambo ya hospitali nayaandika nilivyoyaelewa, na huenda mahali nakosea.

Uvimbe ulipotokea tulimpeleka kwa mzee mmoja wa Chanzuru anayeunga mifupa. Baadaye watu walimlaumu sana mzee yule. Mimi siwezi. Aliuchua mguu kwa siku chache, akaacha mwenyewe. "Hapa hapajavunjika wala kuteguka," alisema. "Kuna kitu kinakua. Nendeni hospitali." Lakini sikukuu zilikuwa zimekaribia, mabasi yanajaa, na kaka akarudi kwanza kwenye jiko lake.

Alipofika hospitali uvimbe ulikuwa mgumu kama jiwe. Wakampiga picha, wakakata kinyama wakakipeleka kupimwa. Jibu lilikawia. Lilipokuja, daktari alituita mimi, kaka na wifi.

"Ni saratani ya mfupa," alisema. "Tuukate juu ya goti. Kama haijafika mapafuni, wapo wanaopona. Ikifika huko, tutabaki kutuliza maumivu."

"Wanaopona ni wengi?" wifi akauliza.

"Mama, nikikuahidi nitakudanganya. Ila kadiri mnavyokaa, nafasi inapungua."

Kaka alikuwa na swali moja tu. "Mguu wenyewe mtaupeleka wapi?"

Daktari akasema hospitali ina utaratibu wake. Kaka akashika fimbo yake, akatoka.

Kwetu milimani kiungo cha mtu hakitupwi. Hata kitovu cha mtoto hufukiwa mahali panapojulikana. Kaka hakutaka siku moja azikwe kwetu, na kipande chake kiwe jalalani. Lakini kuuzika sisi wenyewe nako hakukuwezekana, maana ndugu kumchimbia ndugu aliye hai ni kumwitia kifo. Wazee wa ukoo walikaa nyumbani kwangu, Magomeni ya hapa Kilosa, wakakataa wote. Siwacheki. Na mimi niliogopa. Huku nyuma uvimbe ulizidi, mpaka suruali ikawa haipiti.

Ndipo akaja mtani wake, Mnyamwezi, ambaye baba yake aliletwa Kilosa na mkonge. Sisi Wasagara na wao tunatukanana bila kugombana, na msibani mtani hufanya zile kazi ambazo ndugu haziwezi.

"Msagara, nasikia unauatamia mguu kama kuku!" alisema kabla hajakaa.

"Toka hapa, mpagazi we. Umeshanusa maiti?"

"Maiti bado. Leo nimefuata mguu tu. Nipe nikauzike. Hawa ndugu zako waoga. Mimi wewe si ndugu yangu, ni mtumwa wangu. Mtumwa akifa kwa vipande, nazika kwa vipande."

Wifi akaziba mdomo. Kaka akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akajifuta. "Utauzika wapi?"

"Nyuma ya nyumba ya mama yako. Na kiatu chake nakichukua, ndiyo ada yangu."

Wazee wakaridhia. Kaka akakatwa. Hospitali ikakubali kuutoa, na mtani akaupokea mguu ukiwa umeviringishwa shuka, akauzika. Shimo lilikuwa dogo, kama la mtoto mchanga. Sikupenda kulitazama.

Kaka alirudi Mikumi kwa magongo, akawa anageuza nyama amekaa kwenye stuli. Watu husema kukata ndiko kulikouamsha ugonjwa. Mimi nilimwona akilala usingizi na kula na wanawe, jambo ambalo mguu ule ulikuwa umemnyima.

Kisha kikaanza kikohozi. Yeye akasema ni moshi, wifi akasema ni vumbi la malori. Nilitamani mmoja wao awe amesema kweli. Lakini moshi ule alikuwa ameuvuta miaka yote bila kukohoa.

Siku moja mtani alipita pale nami nikiwepo. Kaka akamwahi: "Mbwa wewe, umeufuata wa pili?" Kabla hajamaliza kucheka, kikohozi kikambana, kirefu. Mtani alisimama akingoja kiishe. Kisha akasema polepole, "Pole, ndugu yangu."

Kaka alimkazia macho. "Ndugu? Tangu lini?"

Mtani akainama, akajifanya anaokota mkaa.

Kaka akaweka koleo chini, akamwambia wifi azime jiko. Kesho yake tulikuwa hospitali. Picha ya kifua ilipotoka, daktari aliitazama peke yake, akairudisha kwenye bahasha, kisha akamwuliza kaka kama ana watoto wadogo.