Injini Iliyotoa Shikamoo

Juzi, stesheni ya Moshi, fundi mmoja wa mjini kwetu aliweka furushi juu ya benchi akalifungua. Ndani mlikuwa na injini ya mvuke isiyozidi urefu wa mkono. Ameiunda mwenyewe nyumbani, kila gurudumu na kila skrubu.

"Chumba changu cha kulala ndicho karakana," mkewe alituambia. "Na hiyo aliyoifungia ni kanga yangu."

Karani wa tiketi akachungulia dirishani. "Bwana fundi, umetuletea birika? Chai iko wapi?"

Watu wakacheka. Fundi akapiga magoti, akawasha spiriti chini ya boila, akangoja. Maji yalipochemka magurudumu yakazunguka, naye akavuta waya mdogo. Injini ikapiga filimbi nyembamba. Akina mama wa Kibosho wakaacha kupatana bei ya ndizi.

Gari moshi la Tanga lilikuwa limesimama pale pale. Dereva wake, mzee wa ndevu nyeupe, akatoa kichwa, akaitazama ile injini ndogo.

"Sasa inataka nini?" karani akauliza.

"Imetoa shikamoo," mke akasema. "Inangoja."

Mzee akavua kofia, akavuta filimbi ya gari lake mpaka vioo vya dirisha la tiketi vikatetemeka. Mke akamfuta mumewe masizi shavuni, mbele za watu.

Injini kubwa zinatoka ng'ambo, viwandani, na sina ubaya nazo. Hii yetu imelelewa nyumbani, na inajua kuamkia wakubwa.