Koti Nililoliacha Tororo

Nilikuwa nauza viazi vya Molo sokoni Nakuru, na sifa yangu moja ilikuwa kwamba sidanganyiki. Magunia niliyahesabu yakishushwa, nikayahesabu tena lori likishaondoka. Mke wangu alipofariki kwa homa, nilibaki na binti wa miaka miwili kasoro, chumba kimoja, na mama jirani aliyemlea mchana pamoja na wanawe. Kisha serikali ya Wazungu ikatangaza Hali ya Hatari, na kabila la jirani likashukiwa. Asubuhi moja askari walimpakia jirani yule na watoto wake kwenye lori, wakarudishwa kwao.

Wiki tatu nilimlea binti yangu ndani ya sanduku la viazi, kando ya meza yangu sokoni. Alikula udongo, akakohoa.

"Na huyu ni bei gani?" wateja waliniuliza.

Mara ya kwanza nilicheka.

Basi tukapanda gari la moshi kwenda Uganda, kwa mama mkwe wangu, karibu na Tororo. Sikuwa naenda kumwacha mtoto. Nilikuwa naenda kumshawishi bibi yake arudi nasi Nakuru, na kwa kushawishi watu nilijiamini.

"Baba, umemfunga kama kuku wa Krismasi," akasema mama mmoja ndani ya behewa, akamfungua mgongoni mwangu na kumfunga upya. Mtoto alilia mpaka Timboroa. Nilichokuwa nacho cha kumnyamazisha ni mchezo wetu mmoja. Nilimwambia, "Fungua duka." Akaachama, nami nikahesabu meno, moja moja, kwa kidole. Kumi na sita. Nikarudia, kumi na sita. Akacheka, behewa zima likapumua.

Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe wala haingii nyumbani mwake. Kwa hiyo yeye aliketi ndani, mimi nje, mgongo wangu ukiegemea ukuta, na mtoto akipita kati yetu. Mimi husoma macho ya mtu kabla hajataja bei. Siku hiyo nilisoma udongo wa uani.

"Mama, twende Nakuru. Kuna maji ya mfereji."

"Hayo maji yatanilimia shamba?"

"Basi akae mwezi mmoja tu."

"Mkwe, hapa si sokoni. Atakaa mpaka ang'oke jino la kwanza. Mtoto wa meno ya maziwa halelewi ndani ya sanduku."

"Nani amekwambia habari za sanduku?"

"Ananuka viazi."

Nikataja mwaka mmoja. Nikataja miwili, na hapo nikajua nimekwisha, maana nilikuwa napandisha bei yangu mwenyewe.

"Ondoka akilala," akasema. "Mwachie nguo yako, awe anainusa."

Nikampa mtoto koti aingie nalo, na alipolala nikaondoka.

Stesheni nikahesabu vitu vyangu: kikapu, kofia, blanketi. Nikarudia. Ndipo nikakumbuka tiketi ya kurudi iko mfuko wa ndani wa koti. Nikarudi karibu saa nzima kwa miguu, jua la mchana kichwani.

"Mama," nikaita, nikiwa nimeupa mlango mgongo, "tiketi yangu iko kwenye koti."

Mimi siwezi kuingia, naye hawezi kutoka kunipa mkononi. Akamtuma mtoto.

Binti yangu akatoka akiliburuta koti kwa mkono mmoja. Macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa amevaa viatu mwenyewe, cha kushoto mguu wa kulia.

"Twende," akasema.

Nikachomoa tiketi, nikamrudishia koti. Akalisukuma kwangu. Nikamrudishia tena. Akanitazama, akafikiria jambo, halafu bila kuambiwa akafungua duka.

Nikapiga magoti nikahesabu. Safari hii nililisukuma kila jino kwa kidole, mbele na nyuma, nikitafuta hata moja lililolegea.

Kumi na sita. Nikarudia. Yote yalikuwa imara.